Malalamiko Husimama

Yadi ile ya magari ina milango miwili, na mtu akishaipita yote miwili hahitaji tena kuhutubiwa juu ya namna dunia hii ilivyogawanywa. Wa kwanza ni wa vioo, unatazama barabara kuu, na hujifungua wenyewe ukiukaribia, kama unaona haya kukuzuia. Huo ni wa mtu ambaye pesa yake bado iko mfukoni mwake. Wa pili ni wa bati, uko nyuma, kando ya mahali pa kuoshea magari, na huo ni wa mtu ambaye pesa yake imeshahama mfuko.

Mama Viti na watu wake waliingia kwa mlango wa vioo siku ya kununua. Walikwenda watatu. Yeye mwenyewe, ambaye alikodisha viti na mahema kwa shughuli za watu hata jina lake la kuzaliwa likasahaulika mtaa mzima. Mumewe, mtu mpole wa mabega mapana, ambaye ndiye aliyesimamisha mahema, na watu walimwita Baba Viti bila kumuuliza kama anapenda. Na Bibi, mama yake Baba Viti, aliyeuza kiwanja chake cha uzeeni ili pesa ya gari itimie. Bibi alisema hawezi kutoa kiwanja asijue kimegeuka kitu gani, kwa hiyo akavaa viatu vyake vya kutokea akaja kuangalia.

Muuzaji aliyewapokea alikuwa kijana wa suti ya kubana, mwenye meno meupe ambayo hayakupumzika hata dakika moja. Bibi alimpa jina palepale: Tabasamu. Tabasamu alipangusa kochi la ngozi kwa leso yake mwenyewe kabla Bibi hajakaa. Akaleta juisi baridi, kila mmoja na mrija wake. Akamwita Baba Viti "bosi", na Baba Viti akageuka nyuma kumtazama huyo bosi aliyeingia.

Walionyeshwa pikapu nyeupe yenye bodi ndefu nyuma, inayotosha viti vya harusi nzima. Iliwashwa, ikanguruma kwa adabu. Baba Viti alikuwa na neno moja alilolibeba tangu nyumbani: alitaka gari lipakiwe mzigo, lipandishwe kilima kile cha kwenda sokoni, ndipo alipe. Neno lilimfika ulimini, likarudi. Alishakunywa juisi ya watu. Tena katika kazi yao wenyewe, mteja anayekalia kiti kimoja kimoja kabla ya kukichukua huhesabiwa kuwa ni mtu wa matusi, kwa sababu kiti cha Mama Viti kikivunjika hubadilishwa saa ileile, bila swali, shughuli ya mtu isiharibike. Wao waliamini kila biashara iko hivyo. Walipima biashara ya mwenzao kwa kibaba chao, na hilo ndilo kosa lao lote. Mwenye kutaka kuwacheka na acheke. Nchi nzima inaendeshwa na watu wanaosubiri wenzao waone haya ya kuuliza.

Walipolipa, gari lilifungwa utepe mwekundu usoni. Ilikuwa desturi ya yadi: wafanyakazi hujipanga, honi hupigwa mara tatu, makofi, halafu picha. Tabasamu aliwaweka mbele ya gari, Bibi katikati akiwa ameshika ufunguo, akawaambia wacheke. Bibi hakuwa amepigwa picha tangu alipochukua kitambulisho. Alicheka hadi yakaonekana meno yake yote yaliyobaki.

Gari lilikufa kwenye kilima kilekile cha kwenda sokoni, mara ya kwanza lilipobeba mzigo. Lilikuwa linapeleka viti msibani. Lilianza kugonga, likatoa moshi mweupe, likarudi nyuma kidogo kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha likanyamaza. Wafiwa walipokea wageni wakiwa wamesimama. Mama Viti alibeba viti kichwani, vinne vinne, huku mumewe akilisukuma gari pembeni, na watu aliowahi kuwahudumia miaka yote wakimtazama akipita na jasho. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Fundi wa mtaani alifungua injini, akachovya kidole, akakionyesha. Oili ilikuwa nzito kama uji wa mgonjwa.

"Wameijaza hii ili isigonge ikiwa haina mzigo," alisema. "Dada, hii injini ilikuwa maiti. Wamekuuzia imepakwa poda."

*

Walirudi yadi. Wakaelekea mlango wa vioo, nao ukafunguka kama kawaida yake, lakini mlinzi akajipachika katikati. Alikuwa mwanamume wa makamo, sare imepauka mabegani, na aliwauliza kwa upole kama wanakuja kununua au wanakuja na neno. Baba Viti, ambaye hajui kusema uongo hata wa kumwokoa, alisema wanakuja na neno. Mlinzi akawaelekeza nyuma.

Huko nyuma palikuwa na dirisha dogo lililozibwa kwa wavu na maandishi juu yake: Huduma kwa Wateja. Dirisha lilikuwa limefungwa. Watu wengine walikuwepo, wameegemea ukuta. Kila gari lilipooshwa, maji machafu yaliruka yakawalowesha miguu, na waosha magari hawakusema samahani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wale ni watu. Bibi alianza kupumzisha mguu mmoja mmoja. Mama Viti akamrudia mlinzi, akamwomba kiti kwa ajili ya mzee.

Mlinzi alitazama chini. "Hapa nyuma hakuna kukaa, mama," alisema. "Ni amri. Bosi anasema wakikaa hawaondoki. Malalamiko husimama."

Walisimama. Dirisha lilifunguliwa mchana, binti mmoja akawaambia mhusika ametoka, warudi kesho. Kesho yake mhusika alikuwa kwenye kikao. Siku iliyofuata mtandao ulikuwa chini. Wakawa wanapigwa danadana hivyo, na kila walipoondoka Bibi alikuwa amevimba miguu zaidi. Mara moja Tabasamu alipita karibu yao akiwa na wateja wapya. Macho yake yaliwapitia kama yanavyopita juu ya ndoo.

Mama Viti alimfuata hadi ndani, kwa mlango wa nyuma, akamkamata mkono mbele ya wateja wake. Akamweleza yote: kilima, moshi, msiba, oili. Tabasamu alimsikiliza akitikisa kichwa kwa huruma, maana huruma nayo alikuwa amefundishwa. Halafu akanyoosha kidole ukutani.

Ukuta mzima ulikuwa picha za wateja. Makumi ya familia, utepe mwekundu, funguo, meno. Katikati, imekuzwa mara tatu kuliko nyingine zote, alikuwepo Bibi, akicheka. Chini yake waliandika: Familia Yenye Furaha.

"Mama, mwenyewe unajiona," alisema Tabasamu. "Mtu aliyeuziwa gari bovu anacheka hivi?"

Wale wateja wapya walicheka. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na juisi mkononi, basi.

Mama Viti alibaki anautazama ule ukuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika, uso kwa uso, safu kwa safu. Mtu anayekodisha viti anamjua kila mtu: alishamwozesha, au alishamzikia. Yule wa pembeni alikuwa kinyozi wa njia panda. Yule mwenye miwani, mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Yule mjane alichukua viti mia, akarudisha mia na kimoja kwa sababu aliviosha pamoja na cha kwake.

*

Nyumbani palizuka ugomvi. Jumamosi palikuwa na harusi iliyokwisha kulipa nusu, na bila gari hapakuwa na namna ya kuvusha viti na mahema upande wa pili wa mji. Ukikosa msiba watu watasema bahati mbaya. Ukikosa na harusi, wanatafuta mwingine, na aliyetafutiwa mwingine harudiwi. Kazi ya viti ilikuwa ndiyo nyumba, ndiyo chumvi, ndiyo dawa ya Bibi.

Baba Viti alitaka waliache. Alisema yule bosi ni mtu mkubwa, ana wakili, ana watu wake kila ofisi, watajiumiza bure. Yeye atalipeleka gari kwa fundi, watakopa, watajikongoja. Alisema hayo akiangalia mikono yake, na mkewe alijua kwamba si woga tu. Ni ile juisi. Mumewe alikuwa bado anajiona mgeni aliyekaribishwa vizuri.

"Ukalipie tena gari ulilokwisha lipia," alisema Mama Viti. "Kisha wakupige picha nyingine."

"Sasa wewe unataka nini, mke wangu? Twende mahakamani na nini?"

Bibi alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni. Hakuinua kichwa.

"Mimi nataka meno yangu yashushwe pale ukutani," alisema. "Kiwanja wamekula, sawa, kitalipwa au hakitalipwa. Lakini siwezi kufa huku nyuma nikibaki nawauzia wenzangu mikweche."

Baba Viti aliinama, akaongeza maji ya moto kwenye beseni. Kuna maneno ambayo mtoto, hata awe na mvi, hawezi kuyapita akaendelea na safari.

Mama Viti alicheka peke yake, mara ya kwanza tangu kilimani. Alikuwa amekumbuka kauli ya mlinzi. Wakikaa hawaondoki. Bosi mwenyewe ndiye aliyesema, na alisema kweli, na kumbe adui msema kweli ni mwalimu mzuri. Alijifunga kanga, akatoka, akazunguka mtaani jua likiwa bado juu: kwa kinyozi, kwa mwalimu mkuu, kwa mjane, na kwa wengine aliowakumbuka ukutani. Hakuwahutubia. Aliuliza kila mmoja swali moja tu: lile gari lako linakwendaje? Kinyozi alimwonyesha kuku waliokuwa wanataga ndani ya lake.

*

Asubuhi yadi ilipofunguliwa, mikokoteni miwili ilikuwa imeshafika mbele ya mlango wa vioo. Hawakuingia ndani ya mpaka wa watu. Palikuwa na ukanda wa ardhi kati ya yadi na barabara, mali ya umma, na hapo ndipo Mama Viti na mumewe walipopanga viti. Walivipanga kama wanavyopanga siku zote, kwa safu zilizonyooka, njia katikati, mbele wakaacha nafasi ya wazee. Vyote vilitazama vioo. Bibi aliketi safu ya kwanza, viatu vya kutokea mguuni, akawa anatazamana na sura yake mwenyewe iliyokuwa ndani ukutani ikicheka.

Wale wa kwenye picha walikuja mmoja mmoja. Wengine hawakuwa wa kwenye picha kabisa. Mtu akiona viti vimepangwa hukaa kwanza, kuuliza baadaye. Mpita njia mmoja aliketi, akavua kofia, akamnong'oneza mwalimu mkuu amefariki nani.

"Injini," alisema mwalimu mkuu.

Yule mtu akatoa pole, akabaki.

Mama Viti aliwakataza kelele. Hakuna bango, hakuna wimbo. Mtu akiuliza, anajibiwa kwamba wameambiwa wasubiri, nao wanasubiri. Wateja wa siku hiyo walifika, wakaona safu za watu wenye sura za mazishi wanatazama magari, wakauliza kuna nini, wakaelezwa kwa heshima na kwa kirefu. Wengi walikumbuka kwamba wana shughuli mahali pengine. Mlango wa vioo ulifunguka na kujifunga, kufunguka na kujifunga, na hakuna aliyeingia.

Tabasamu alitoka. Kwa mara ya kwanza mdomo wake ulikuwa umefungwa, na bila yale meno alionekana mdogo, kijana wa watu, mwenye kodi ya nyumba inayomngoja kama wengine. Alimwamuru mlinzi aondoe viti. Mlinzi alisogea hadi safu ya mwisho, akashika kiti kimoja kilichokuwa kitupu, akakiinua. Akakitazama. Alikuwa amesimama kwenye lango lile miaka kadhaa, mvua na jua, na amri ya kutokukaa ilimhusu yeye kabla haijamhusu mtu yeyote.

"Hicho ni chako ukitaka," Mama Viti alimwambia taratibu. "Sitozi."

Mlinzi alikirudisha chini polepole. Hakukikalia. Lakini hakukiondoa pia, na alipomrudia Tabasamu alisema viti viko nje ya mpaka, yeye mshahara wake unaishia kwenye mpaka.

Wakaitwa askari. Walikuja wawili, wakazunguka safu, wakatafuta kosa. Watu wameketi. Wananyamaza. Hawajaziba njia. Yule askari mkubwa aliuliza kiongozi ni nani, na Bibi akamjibu kwamba kiongozi yuko ndani, nao wanamsubiri siku nyingi sasa. Askari alikohoa kuficha kicheko. Akaingia ndani, akakaa huko kitambo, akatoka na kuondoka na mwenzake.

Ndipo bosi akatoka mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, wa shati jeupe, na sauti ya chini ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Hakuwatazama wengine. Alimwendea Mama Viti, akainama kama anayetaka siri. Alisema yote hayo yalikuwa ni uzembe wa vijana, yeye hakuwa na habari. Alisema ipo pikapu nyingine, mpya zaidi, haijawekwa hata sokoni. Atampa leo, kadi ya gari kwa jina lake, sasa hivi. Yeye apakie tu viti vyake aende salama.

Mama Viti alijua kinachonunuliwa, na bosi alijua kwamba anajua. Nyuma yake kinyozi aliacha kutafuna kijiti. Mjane alitazama mikono yake, kama Baba Viti alivyotazama ya kwake. Walishaachwa hivi mara nyingi maishani hata hawakuona haja ya kukasirika. Harusi ilikuwa kesho.

"Kadi kwanza," alisema Mama Viti. "Na ile picha ishushwe."

Kadi iliandikwa. Ngazi ikaletwa, Tabasamu akapanda, Bibi akashuka ukutani akiwa mikononi mwake. Kwa mazoea tu, maskini, kijana alitafuta utepe, akainua kamera, akaomba wacheke kidogo. Bibi alifumba mdomo akaukaza hadi midomo ikapotea.

"Nalitaka lipande kilima likiwa na mzigo," alisema Baba Viti ghafla. Ilikuwa sauti ambayo hata mkewe hakuwa ameisikia muda mrefu. Lile neno, lililorudi siku ile kwa ajili ya juisi, lilikuwa limetoka.

Bosi alifurahi. Mzigo ndio viti. Aliwaita waosha magari, aliwaita hata makarani, na watu wa yadi wakavibeba viti wenyewe, wakavipakia safu kwa safu, wakivuta vingine kutoka chini ya watu walioinuka bila ubishi. Mwalimu mkuu alisimama. Mjane alisimama. Bibi ndiye wa mwisho, akasaidiwa kuinuka na mwanawe. Ukanda ule ukabaki mtupu, na watu wake wamesimama, kama malalamiko yanavyotakiwa. Mama Viti alipanda mbele pamoja na Bibi, kando ya mumewe, bila kumwambia mtu neno. Kinyozi alitema mate chini.

Gari lilikwenda. Lilipanda kilima cha sokoni na mzigo wote juu, halikugonga, halikutoa moshi. Kileleni Baba Viti alipumua. Mbele yao barabara iliteremka hadi nyumbani. Huko iliwangoja kazi ya harusi ya kesho, jina lao, kiwanja cha Bibi kilichogeuka kitu cha kweli. Alimtazama mkewe.

"Geuza," alisema Mama Viti.

Alikuwa ameshaanza kugeuza.

Bosi alikuwa bado mlangoni, akimweleza mteja kuhusu huduma baada ya mauzo, pikapu iliporudi na kusimama pale pale. Mama Viti alishuka, akafungua bodi, akaanza kukabidhi viti, na mikono iliyovipokea haikuwa ya watu wa yadi. Safu ya kwanza ikakaa. Ya pili ikafuata, hadi ya mwisho.

"Mama, tulielewana," bosi alisema, na safari hii sauti haikuwa ya chini. "Gari si umepewa?"

"Nimepewa langu. Nililinunua." Alikung'uta kiti vumbi, akamwekea mjane. "Hawa hukuwanunua kwangu, kwa sababu mimi siwauzi. Viti navihitaji kesho asubuhi kwa harusi. Kwa hiyo fanya haraka."

Mlinzi alitoka kwenye lango. Alipita mbele ya bosi wake, akachukua kile kiti chake cha safu ya mwisho, akakibeba hadi penye mlango wa vioo, akakiweka katikati yake kabisa, akakaa. Mlango ukabaki wazi.

Mama Viti aliwageukia watu wake.

"Anayefuata ni nani?"

Kinyozi alinyoosha mkono akiwa ameketi.